Firigisi ya Mtu wa Benki

Nichekeni tu, nimezoea. Nyumba tunayopanga hapa Alupe, mwenyewe amekubali kutuuzia, na benki ikasema itatuma mtu wa kuikagua kabla ya kupitisha mkopo. Wiki tatu nzima nimepiga deki kila asubuhi nikimngoja.

Jumamosi, mume wangu akiwa kazini Malaba, akabisha mwanamume mwenye futi na daftari. "Mama, nimetumwa kupima madirisha."

Sikuuliza ametumwa na nani. Nilichinja jogoo. Nikampakulia hata firigisi, ambayo kwetu Waluhya ni ya mwenye boma peke yake. Alipokuwa akila, nilisimama nimeegemea ukuta ili mgongo wangu uzibe ufa uliokuwa hapo.

"Boss, nyumba umeionaje? Mkopo utapita?"

Kabla hajajibu, mume wangu akaingia. Akaangalia sahani, akaniangalia mimi, akacheka polepole.

"Mama watoto, toka hapo ukutani. Huyu ni fundi wa mapazia. Nilitaka uyaone siku mkopo ukipita." Akachungulia sahani tena. "Sasa firigisi yangu iko wapi?"

Fundi akameza.