Pua ya Kaka

Kaka yangu alifanya kazi Dodoma kwa miaka mingi, akarudi Dar es Salaam na vitu viwili: kikohozi cha vumbi na uhakika kwamba anaujua mvinyo. Kikohozi kilipona.

Kwa hiyo hoteli moja ndogo ya Bagamoyo ilipotangaza mwisho wa wiki wa kuonja mvinyo wa zabibu za Dodoma, alilipia watu watatu: yeye, mkewe, na mimi mdogo wake. Mimi nilialikwa kwa sababu, alisema, tangu nifiwe na mume sitoki nyumbani. Nilikuwa natoka, ila si kwenda anakotaka yeye. Wifi yangu hanywi hata tone. Alikuja kwa sababu lazima apatikane mtu wa kuendesha gari wakati wa kurudi.

Njia nzima kutoka Tegeta kaka na wifi hawakuzungumza zaidi ya "pita" na "nimeona." Mchana tuliletewa wali na samaki wa nazi. Kaka, kabla hajaonja, alimwaga pilipili mpaka wali ukabadilika rangi, akaongeza chumvi, akaanza kula kama mtu anayetimiza wajibu. Wifi alimtazama, kisha akageuza kiti chake kuelekea ukutani.

Uonjaji ulifanyika alasiri, kwenye ua wa nyumba ya zamani ya mawe iliyo nyuma ya hoteli. Mwalimu alikuwa binti wa Kigogo, mpole, mwenye aproni nyeusi. Tulikuwa sisi watatu, mume na mke kutoka Mikocheni waliokuwa wakipiga picha kila glasi, na mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la nafaka hapo hapo mjini, ambaye alisema amekuja kutazama tu. Palikuwa na ndoo ya kutemea. Hakuna aliyeitumia.

"Kabla ya kuonja, tuamshe pua," mwalimu alisema, akazungusha vichupa vilivyofunikwa kwa kitambaa. Kila mtu anuse, ataje.

Kaka alipokea cha kwake, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Mdalasini," alisema.

Ilikuwa kahawa. Sote tulijua ni kahawa. Harufu yake ilifika mezani kabla ya kichupa.

"Mdalasini labda upo kwa mbali, baba," mwalimu alisema.

"Upo kabisa," kaka akajibu.

Baadaye mwalimu alitumiminia mvinyo mwekundu kidogo, akatuomba kila mmoja aseme anachokiona humo. Mke wa Mikocheni aliiweka glasi chini haraka. Yule mzee, aliyekuja kutazama tu, aliinusa ya jirani yake akatikisa kichwa.

"Gunia la mchele lililonyeshewa," alisema. "Nalijua sana."

Kaka alikuwa ameshamaliza yake. "Embe bivu," alisema. "Na moshi kidogo mwishoni. Huu ndio mvinyo wenyewe."

Mwalimu akaeleza, taratibu, akitazama meza, kwamba chupa ile imeharibika kizibo, na huwa anaibeba makusudi ili wageni waijue harufu ya mvinyo mbovu. Kaka alisema kila mtu ana ulimi wake. Kisha akasema anakwenda kuangalia gari.

Gari lilikuwa salama. Nilimkuta amesimama karibu nalo, mbele ya mlango mmoja wa nakshi, anausoma kama gazeti.

"Kaka, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Pua."

"Tangu yale mafua ya masika. Mafua yaliondoka, harufu haikurudi. Chakula chote ni kama kutafuna karatasi. Pilipili naisikia, kwa sababu inauma. Chumvi naisikia. Basi."

"Wifi anajua?"

"Nitamwambia nini? Kwamba anapika karatasi?" Akanishika mkono. "Usimwambie. Huenda itarudi tu yenyewe."

Nilimuuliza kwa nini basi amelipia safari ya kuonja mvinyo. Alisema alidhani, ikiwa kuna kitu kitakachoiamsha pua yake, ni hicho. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa.

Jumapili asubuhi wifi alitaka kwenda Mlingotini, kijiji cha wavuvi, kununua papa mkavu. Tulipofika, yeye na mimi tukaenda kwa mama muuzaji, kaka akabaki karibu na gari. Aliegemea pipa. Pipa lilikuwa na matumbo ya samaki, yamelala juani tangu jana yake kwa uchache. Watoto wa pale pale walikuwa wakipita wameziba pua.

"Hewa ya huku safi sana," kaka alituambia tuliporudi. "Ingekuwa Dar hivi!"

Wifi alisimama na mfuko wake mkononi. Akatazama pipa, akamtazama mumewe.

"Baba watoto, husikii harufu?"

Kaka alinitazama mimi. Mimi nilitazama mwani uliokuwa umeanikwa.

"Sisikii," alisema mwishowe. "Hii wala nyingine yoyote."

"Kwa hiyo pilipili ile yote..."

"Siyo chakula chako. Ni mimi."

Niliogopa wifi angelia. Alikasirika. Alisema miezi yote hii amebadilisha mchele, amebadilisha nazi, amemuuliza mama yake mzazi anakosea wapi, na usiku analala akijiuliza ni mwanamke gani anayempikia mume wake. "Na wewe umekaa na pua yako tu!" Kaka alisema pole. Wifi alimwambia aondoke kwenye lile pipa, kisha akampangusa mkono wa shati kwa kanga yake, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Njia ya kurudi walizungumza wao wawili hadi Tegeta, nami nikalala kiti cha nyuma.

Daktari alisema huenda harufu ikarudi, huenda isirudi, na akamshauri afanye mazoezi ya kunusa kila siku: ndimu, karafuu, kahawa, sabuni. Wifi anamshikia puani, yeye anasema "hakuna," wanaendelea na mengine. Wali anaupika anavyopenda mwenyewe siku hizi.

Juzi asubuhi kaka alinipigia simu, sauti juu.

"Nimesikia harufu!"

"Ya nini?"

"Jirani anachoma plastiki."

Alikuwa amesimama ukutani kwao, anavuta pumzi, mpaka jirani akamuuliza kama kuna tatizo lolote. Kaka alimwambia hapana, aendelee.