Mkono wa Kushoto wa Kufuli

Walimpa jina la Kufuli kwa sababu akishakukaba, hufunguki mpaka apende yeye. Kabla ya ubingwa alikuwa kuli kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akibeba mifuko ya saruji miwili miwili huku wenzake wakibeba mmoja na kulalamika. Kocha alimwona pale pale dukani, akamwambia shingo kama ile ni dhambi kuiwekea saruji. Basi akaingia kwenye mchezo wa ndani ya wavu, ule wa ngumi, mateke, mieleka na kabali vyote kwa pamoja. Sasa mkanda wa ubingwa umetundikwa sebuleni juu ya televisheni, umefunikwa nailoni usiingie vumbi.

Ukitazama picha zake mtaani utadhani hajui woga. Mkewe ndiye anayejua. Pambano likikaribia, Kufuli hula akamaliza sahani, kisha huenda chooni akafungulia bomba ili asisikike anavyotapika. Woga huo alishauzoea. Huu wa sasa ulikuwa mwingine. Ulianza kwenye pambano lililopita, alipobwagwa chini kwa kisogo. Tangu hapo mkono wa kushoto ukawa unakufa ganzi, kwanza vidole, halafu kiganja, halafu mpaka kwenye kiwiko. Hakumwambia mtu. Jumamosi anatetea mkanda, na daktari wa mchezo akipata habari tu, kwisha kazi. Na bila mkanda yeye ni nani? Yule kuli.

Sasa kwenye mchezo huu, aliyekabwa akizidiwa hana sauti ya kuomba. Anamgonga aliyemkaba kwa kiganja, pap pap, na mwenzake anaachia papo hapo. Hiyo ndiyo ahadi. Bila hiyo, nani angempa mwenzake shingo?

Jumatatu mazoezini alimkaba shemeji yake, mdogo wa mkewe, kijana mwembamba asiyepumzisha mdomo. Alipitisha mkono wa kushoto shingoni, akabana, akangoja kugongwa. Akangoja. Mara mwili wa shemeji ukawa mzito, ukamlegea kifuani. Alipoachia, shemeji alianguka ubavu, macho meupe tupu. Kocha alimwinua miguu, akammwagia maji, akazinduka.

"Mbona mmeniamsha?" shemeji akasema. "Nilikuwa naoa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Siku nyingine gonga, mbishi wewe!" Kocha akamwambia.

"Nimegonga, Kocha. Nimegonga kama mwenye nyumba anayedai kodi!"

Wakacheka tena. Kufuli naye alicheka, lakini meno tu. Alikuwa anautazama mkono wake.

Mkewe ni dobi wa nyumbani, hupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Siku iliyofuata mchana Kufuli alikaa mwisho wa meza yake, mkono ameulaza pale, anatazama mapambano ya mpinzani wake kwenye televisheni. Mke akaisimamisha pasi ili akunje shuka. Alipokuwa anakunja, akasikia harufu ya nywele zinazoungua. Akatazama mashuka. Yalikuwa mazima.

"Mkono! We mwanaume, mkono wako!"

Kufuli alitazama chini kwanza, ndipo akauvuta. Pasi ilikuwa imeuegemea. Mke alimburuta hadi bombani, akaufungulia maji.

"Hukusikia," akasema.

"Nilikuwa naangalia televisheni."

"Ngozi imebaki kwenye pasi, wewe unaangalia televisheni." Akafunga bomba. "Mdogo wangu jana alikugonga mkono gani?"

Kufuli akajifuta maji.

"Nakuuliza, baba. Mkono gani?"

"Jumamosi kuna refa," akasema mwishowe. "Kuangalia ni kazi yake."

"Na kesho mazoezini, refa ni nani?" Akachukua kitambaa safi, akaanza kumfunga. "Mimi sikukatazi. Lakini ndugu yangu ni huyo mmoja tu, na kesho anakuja kukupa shingo, anakuamini."

Usiku ule Kufuli alilala na mkono wa kushoto ameulalia, kana kwamba ungeweza kutoka kitandani peke yake.

Kesho yake alivaa fulana ya mikono mirefu. Muziki ulikuwa juu, Kocha anapiga makofi, "Zoezi la mwisho hilo, twende!" Shemeji akaja akakaa mbele yake, akampa mgongo kama mtu anayengoja kunyolewa.

"Shem, leo nirudishe kwenye harusi yangu. Juzi sikufika kwenye chakula."

Kufuli akapitisha mkono. Kutoka pale nyuma hakuiona mikono ya shemeji, aliona kisogo tu na sikio moja. Akabana kidogo. Amegonga? Bado. Au ameshagonga? Moyo wake ulimpiga kwa nguvu hata ungeweza kufunika kugongwa kokote. Akalitazama lile sikio, akaona kama linabadilika rangi. Akaachia.

"Unaachia nini?" Kocha akafoka. "Hajagonga!"

"Kweli, Shem. Ndiyo kwanza nilikuwa nakaa vizuri."

Kufuli alibaki amepiga magoti. Akanyoosha mkono wa kulia, akagonga godoro la mazoezi, pap pap. Hakuna aliyewahi kumwona akigonga. Kocha akaenda akazima muziki.

"Mkono huu wa kushoto hausikii, Kocha," Kufuli akasema. "Juzi aligonga kweli."

Shemeji akajishika shingo. Safari hii hakuwa na utani.

Kocha akaja akachuchumaa kando yake, akapandisha mkono wa fulana, akakiona kile kitambaa. "Tazama ukutani," akasema. "Nikikufinya, sema."

Kufuli akatazama. Pale ukutani palikuwa na bango la Jumamosi, uso wake mwenyewe umekunja ndita, unatisha. Akangoja.

"Anza basi, Kocha," akasema.

Hakuna aliyemjibu. Akageuka, akakuta kucha za Kocha zimezama kwenye ngozi yake.