Vitabu vya Mabingwa wa Baiskeli na Mlima wa Kwetu

Nakumbuka vizuri, mwanangu, jioni ambayo kaka yangu Ombati aliingia nyumbani kutoka Kisii mjini akiwa amekumbatia kitabu kama mtu aliyebeba mayai. Ilikuwa miaka ya tisini, na Ombati alikuwa bado hajawa baba yako. Alikuwa kijana wa Marani mwenye miguu mirefu na masikio mazito. Nakuambia haya kwa sababu juzi ulinijia ukisukuma baiskeli yako, na swali lako: "Shangazi, hivi vitabu ambavyo waendesha baiskeli wa kulipwa wanajiandikia kuhusu maisha yao, vinafaa kusomwa?" Nilikugeuzia mgongo nikachochea moto, ukadhani sijui. Nilikuwa nameza hasira.

Kwanza ujue kwamba nimevisoma. Usinitazame hivyo. Baada ya kile cha baba yako nilitafuta vingine, kwa ukaidi tu, nikitumaini kupata kimoja cha kunionyesha kwamba nimewakosea hao watu. Wapi! Kila kimoja kinaanza na mtoto maskini na baiskeli ya kuazima. Mama yake ni malaika. Kisha kuna mlima, kisha maumivu, ukurasa baada ya ukurasa wa maumivu, utadhani hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuumwa na mapaja. Njoo uone wanawake wa hapa wakitoka mtoni na maji kichwani, na hakuna hata mmoja aliyeandika kitabu. Halafu bwana mkubwa anaanguka, analia, anainuka, anashinda. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sasa huyu anayejisifu mwenyewe kitabu kizima, atatia nini?

Lakini turudi kwa baba yako.

Kitabu hicho alikinunua kwa wauza vitabu vikuukuu pale mjini. Kilikuwa cha Mzungu mmoja aliyewahi kuwa bingwa, na jina lake halitakuongezea kitu. Ombati alikuwa amemaliza kidato cha nne na Kiingereza alikijua, kwa hiyo kila jioni mama akisonga ugali, yeye alikaa karibu na mlango penye mwanga akasoma, akitutafsiria kwa Kigusii. Tulikuwa wasikilizaji watatu: mama, mimi, na nyanya yetu, ambaye kama desturi ya kwetu tulimwita Magokoro. Magokoro alizaliwa Nyamira, akaolewa Marani, na kati ya huko na huku alikuwa amejifunza kutokubali habari nusu nusu. Alikuwa akipukuchua maharagwe, macho chini, ungedhani hasikii.

"'Mwenzangu mmoja akanirudia na chupa ya maji,'" akasoma Ombati, sauti imejaa fahari utadhani ni yeye, "'nikanywa, nikakanyaga, nikawaacha wote mlimani.'"

"Huyo wa maji ni mwana wa nani?" akauliza Magokoro.

"Haijaandikwa."

"Na yeye mwenyewe alikunywa?"

"Haijaandikwa, Magokoro."

"Sasa hiyo kitabu imeandika nini?"

"Aki Magokoro, unaniharibia stori!"

Mama alicheka mpaka akaacha mwiko. Nami nilicheka. Nilidhani ni maneno ya mzee asiyejua mambo ya baiskeli.

Kuanzia wiki hiyo tulipata taabu. Bingwa alikula makaroni, kwa hiyo Ombati akaenda mjini kwa Mhindi mwenye duka akaleta makaroni. Mama, ambaye alikuwa hajawahi kuona kitu hicho, aliyachemsha kama anavyochemsha githeri ya mahindi na maharagwe, tangu mchana, yakawa uji. Ombati aliyala huku machozi yakimlenga, lakini aliyala. Bingwa alinyoa miguu, kwa hiyo Ombati naye akachukua wembe. Unajua kwetu watu hunyoa kwa sababu ya msiba. Magokoro alipoona miguu ile inang'aa kama ya mtoto mchanga, alishika kifua akauliza, "Nani amekufa?" Na siku aliyofika mahali bingwa anaposema kwamba mlimani hakuna chakula kizuri kama ndizi, Ombati alitutangazia jambo hilo kwa sauti ya mhubiri. Ndizi! Mtu aliyezaliwa migombani, anayebeba ndizi kila siku ya soko, alihitaji Mzungu amwambie ale ndizi. Niache nipumue kidogo.

Hayo yote yalikuwa ya kuchekesha. Lililofuata halikuchekesha.

Ombati na mwenzake Nyangau walikuwa wabebaji wa ndizi. Walitahiriwa msimu mmoja, na wewe unajua uzito wa jambo hilo kwetu. Mtu wa namna hiyo ni zaidi ya rafiki. Kila siku ya soko waliifunga mikungu kwenye zile baiskeli nyeusi nzito, kwenye keria na pembeni, hadi usione baiskeli, uone tu shamba la migomba linatembea. Ndizi hizo walizipeleka Mosocho, kwa wanunuzi wa malori. Njiani kulikuwa na mlima, ule ambao siku hizi mnaupanda kwa pikipiki bila hata kuuona. Siku zile baiskeli yenye mzigo haikupandwa pale, ilisukumwa, na mtu mmoja aliiweza kwa taabu kubwa. Kwa hiyo wabebaji walikuwa na desturi yao. Aliyefika juu kwanza aliegemeza baiskeli yake, akarudi chini kumsukumia aliye nyuma. Hakuna aliyeondoka mlimani kabla wa mwisho hajafika. Ni kama egesangio ya kina mama, kikundi kinacholima leo shamba la huyu, kesho la yule. Hakuna aliyeitungia sheria. Mtu ni watu, basi.

Sasa kulikuwa na mashindano yametangazwa, kutoka Nyamira hadi Kisii mjini, na Ombati aliyataka kuliko alivyotaka mke. Akaufanya mlima ule uwanja wake wa mazoezi. Akafunga mzigo mdogo kuliko wa kawaida ili aweze kukanyaga, akapanda bila kushuka, na alipofika juu hakurudi. Aliteremka upande wa pili akaenda zake.

Nyangau alikuja nyumbani jioni moja. Alikuwa mtu mpole, mpole wa kuudhi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Ombati, siku hizi haurudi."

"Ni mazoezi, ndugu yangu. Mashindano iko karibu. Bingwa haangalii nyuma."

"Sawa, bingwa," akasema Nyangau, akacheka, akaenda.

Nilikuwepo. Magokoro pia alikuwepo, na mikono yake ilisimama kwenye maharagwe. Alimwambia Ombati, "Yule hakuja kukusalimia." Ombati alikuwa ameshafungua kitabu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia kwamba mara nyingine guu linalovunjika ni la mwenzake.

Siku ya soko iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri, na ule udongo mwekundu wa mlimani ukawa sabuni. Ombati alipanda, akateleza hapa na pale, akafika, akaenda. Nyangau alikuwa nyuma na mzigo kamili. Alisukuma peke yake mpaka katikati ya mlima, miguu ikamtoka, baiskeli ikamrudia na mikungu yote, ikamtupa mtaroni na kumlalia pajani. Wanawake waliokuwa wakienda Mosocho na vikapu vyao ndio waliomsikia. Walimtoa pale, wakambeba kwa blanketi mpaka kwenye zahanati. Habari ilipomfikia baba yako sokoni, alikuwa anakunywa chai na kuwasimulia watu jinsi alivyoupanda mlima kwenye tope bila kuteremka.

Mfupa wa paja ulivunjika. Uliunga, lakini uliunga mfupi. Ndiyo, mwanangu. Huyo unayemwona akichechemea kuingia kanisani, ambaye baba yako humshika mkono kwenye ngazi, ndiye Nyangau. Hukuwahi kuuliza kwa nini baba yako humngojea nje hata kama ibada imeanza.

Jioni ile Ombati alirudi nyumbani amelowa, akasimama mbele ya Magokoro. Wala hakuwa ameulizwa.

"Ni mvua, Magokoro. Si mimi."

"Mvua iliwanyeshea nyote wawili," akasema Magokoro.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimwambia kwamba nyumba ya mama yake Nyangau sasa haina mtu wa kubeba wala wa kulima, na kwamba kesho jembe litakuwa limeegemezwa mlangoni, asijifanye hajaliona. Kisha akarudi kwenye maharagwe yake. Tangu siku hiyo Ombati alilima shamba la kina Nyangau asubuhi na kubeba ndizi zao pamoja na zetu. Nyangau alikuwa amelala na plasta ngumu kutoka kiunoni hadi kwenye vidole vya mguu.

Lakini usidhani moyo ulikuwa umegeuka. Mwili ulilima, kichwa bado kilikuwa Ulaya. Mashindano yalipofika, alikwenda. Nilikuwa kwenye umati pale mjini tulipomngojea. Vijana wa Nyamira walikuja wamefuatana kama siafu, wakipokezana mbele, mmoja akichoka mwingine anapita mbele kuwakinga wenzake upepo. Ombati alikuwa amewaacha wote mwanzoni, peke yake, kama alivyoelekezwa na kitabu. Walimpita kwenye kilima cha mwisho, wote, hata wale wanene. Alifika akiwa katikati ya watu ambao hakuna aliyewauliza majina. Alilaumu upepo, halafu akalaumu breki. Kumbe mtu anaweza kupigwa na kosa lile lile mara mbili asijifunze! Nilitamani kukitia kile kitabu motoni siku hiyo, na sikukitia kwa sababu tu nilikuwa nimekwisha kuzoea kukiheshimu kitu chochote chenye maandishi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo swali lako lilipojibiwa.

Alasiri moja nilikwenda na Ombati kumpelekea Nyangau uji wa wimbi. Nyangau aliunywa, kisha akasema, "Ombati, lete hiyo kitabu. Nimechoka kuangalia mabati. Nami nilipenda baiskeli." Hakuwa amesoma sana, Kiingereza kilimshinda. Ombati alisitasita, lakini mtu aliyelala na plasta kwa sababu yako humnyimi kitu. Akakileta.

Akamsomea siku kadhaa. Nyangau alisikiliza vizuri, akacheka penye kuchekesha, akauliza maana ya makaroni, nikamweleza na akacheka zaidi. Kisha wakafika kwenye mlima. Nilimwona Ombati akikohoa, akigeuza ukurasa upesi.

"Mbona umeruka?" akauliza Nyangau.

"Hapo si pazuri."

"Soma tu."

Ombati akarudi nyuma akasoma, sauti chini kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe: "Nikanywa, nikakanyaga, nikawaacha wote mlimani."

"Na hao walioachwa," akasema Nyangau, "walifika saa ngapi?"

Hakusema kwa kuchoma. Naapa, mwanangu, hakukuwa na mwiba hata mmoja kwenye sauti yake. Aliuliza kama unavyoulizia jamaa zako waliokuwa safarini. Ombati aligeuza ukurasa, akageuza mwingine, akarudi. Kisha akakifunga kitabu, akakiweka sakafuni, akamshika Nyangau mguu ule mzima.

"Nyangau," akasema, "wewe siku ile ulikaa kwenye mtaro mpaka saa ngapi?"

Hakuwa amewahi kumuuliza. Alikuwa amelima, amebeba, amemletea uji, na swali hilo hajamuuliza. Basi Nyangau akamweleza tangu mwanzo: jinsi alivyoita jina la Ombati kwanza, kabla ya kuita watu wengine, jinsi maji ya mtaro yalivyokuwa yakipanda, jinsi alivyoona mikungu ikibingirika akafikiria atamwambia nini mama yake. Baba yako alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, machozi yakimtiririka. Mimi nilitoka nje nikalie huko.

Kwa hiyo unaniuliza kama vinafaa kusomwa. Vinafaa. Haya, nimesema, na imenikera kusema. Bila kitabu kile baba yako angelipa kosa lake kwa jembe tu, na swali lile lisingeulizwa mpaka leo. Lakini vitabu vya namna hiyo, mwanangu, usivisome peke yako kitandani, ukajiona umeshavaa ile fulana ya bingwa. Visome kwa sauti, mbele ya mtu anayekujua, tena ikiwezekana mbele ya yule uliyemwacha nyuma. Ukifika mahali ambapo sauti inagoma, hapo ndipo pa kusimama ufikirie. Bingwa amekusimulia barabara yake, hajakusimulia ya kwenu, wala hakukuahidi. Usisafirie nyota ya mwenzio. Miguu ukitaka kunyoa, nyoa, lakini wajulishe wazee mapema wasianze kuomboleza. Na ukisoma "niliwaacha wote," uwahesabu hao wote kuwa ni watu, wana mama zao, na walikuwa na mizigo.

Nenda sasa, uchukue baiskeli yako. Mungu akupe mapafu ya kupanda kila mlima ulio mbele yako, akupe na shingo nyepesi ya kugeuka nyuma, na ufikapo juu akukutanishe na watu wako wote, asipungue hata mmoja.