Si Adolphine Anayemtesa

Mzee Norbert, mvuvi wa Mboko, alipomzika mkewe Adolphine, alianza kumeza vidonge vya maumivu alivyoviacha marehemu. Vilimpa usingizi. Vilipoisha tu, mwili ukamtetemeka, jasho likamtoka, tumbo likamkata.

Bamama ba maombi, wanawake wa kanisani walioamini kuwa roho ya marehemu imemwingia, wakaingia bila hodi. "Adolphine, toka ndani ya bwana yako!" akapaza sauti Mama Léoncie.

Norbert akawarushia pakiti tupu. "Mufukuze hizi! Vidonge njo vinanitesa. Bibi yangu hakutesaka muntu, na munamutukana mu nyumba yake!"

"Musikie, shetani iko nasema," Léoncie akacheka.

"Shetani ni we! Toka!"

Hakuna aliyetoka. Norbert akaokota pakiti, akashika fimbo, akajikokota kwenda kwa muganga wa zahanati, nao wakimfuata nyuma, wakilikemea jina la Adolphine njia nzima.