Vitufe Kumi na Sita vya Lifti

Baba mmoja alibonyeza vitufe vya lifti miaka thelathini na mmoja. Jengo lilipoleta lifti mpya isiyohitaji mtu, akapewa ubao wa vitufe vya ile ya zamani uwe kumbukumbu. Akapigilia msumari sebuleni autundike. Binti yake, fundi simu, akamuwahi.

Siku ya tatu ubao ulikuwa matumbo nje juu ya meza ya jikoni. Fundi alivipanga vitufe kumi na sita mstari mmoja kwenye kisanduku. Kisanduku chenyewe hakina sauti. Kazi yake ni kuiamuru kompyuta. Taa inatembea kitufe hadi kitufe, kushoto kwenda kulia, na inapokuta ulichobonyeza, ngoma inalia. Ikifika mwisho, inaanza upya. Fundi alicheka peke yake kama mwehu.

"Umechinja lifti yangu," baba akasema.

"Nimeifufua, Baba."

"Haya. Jumamosi naagwa kazini. Iimbe. Wenzangu wasipocheza, utaurudisha ubao ulivyokuwa, kitufe kwa kitufe, niutundike, na hiyo mikelele yako ndiyo basi."

Jumamosi asubuhi waya mmoja ukakatika. Mtu mwingine angeunga huo mmoja. Yeye alikipindua kisanduku kifudifudi, akazilehemu upya nyaya zote, zipendeze. Akajaribu kitufe kimoja kimoja: vyote vikawaka. Akakibusu.

Ukumbini walijaa wasafishaji, walinzi na makarani. Fundi alikikaza kisanduku mezani kwa skurubu kisije kikaruka, akapiga mdundo aliouzoea: du, du-du, ka.

Ukatoka: ka, du-du, du.

Taa ilikuwa inarudi kinyumenyume! Akaelewa papo hapo. Alilehemu kisanduku kikiwa kifudifudi, akasahau kwamba kushoto kunakuwa kulia.

"Sasa hiyo inapanda au inashuka?" shangazi yake akauliza, sauti ya kusikika hadi barabarani. Ukumbi ukaangua kicheko. Baba akainamia soda yake.

Kufungua skurubu? Hakuna muda. Fundi akaizunguka meza, akasimama upande wa wageni, mgongo kwao. Namba zikawa kichwa chini, lakini taa sasa ilitoka kushoto kwake kwenda kulia, na vidole havikuhitaji namba. Du, du-du, ka. Du, du-du, ka!

"Eeeh! Hapo sasa!" Shangazi ndiye aliyeinuka kwanza. Walinzi wakafuata na buti zao. Fundi akajikuta katikati yao, mikono inabonyeza, kiuno kinakwenda.

Nyuma ya meza pakabaki wazi. Baba akasogea taratibu, kama mtu anayetafuta tu pa kuweka chupa. Kutoka pale namba zilisimama wima, moja hadi kumi na sita.

"Mzee, nipeleke kumi na moja!" mlinzi akapiga kelele.

Kidole kikaenda chenyewe. Mdundo mpya ukaingia.

"Tano, Mzee!"

"Tisa! Fanya haraka, bosi ananingoja!"

"Msisukumane," baba akafoka, mabega yakicheza, "mtafika wote!"

Jumapili msumari wa sebuleni ulikuwa bado mtupu. Baba alimfuata binti yake jikoni, akafunga mlango.

"Kuna kile chekundu cha dharura," akanong'ona. "Nilikificha kabatini. Hebu niambie, kinaweza kulia nini?"