Kuku wa Mgeni

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru maneno yalikuwa mengi, nami niliyaamini yote. Nilikuwa binti wa fundi cherehani wa Ipuli, na chama cha akiba na mikopo pale Tabora mjini kilinipa kazi isiyokuwa na jina: kufuatilia kama mikopo yetu inawainua watu au inawapita tu. Vijiji vya ujamaa tulivikopesha mbegu za karanga na mbolea. Nani amerejesha, tulijua. Kama aliyerejesha analala ameshiba, hakuna aliyejua.

Mimi nilitaka tukae na watu, tuulize taratibu, kisha turudi tena. Mkuu wetu hakuwa na subira hiyo. Alisema maneno ya watu ni upepo, tutazame sufuria. Tungefika kwa mwanachama saa za chakula cha mchana tuone kinacholiwa. Anayekula majani yuko chini bado, aendelee kukopeshwa. Anayekula nyama ameinuka, nafasi yake apewe mwingine, maana mbegu hazikutosha wote. Nilimweleza kwamba Unyamwezini mgeni halishwi kile wanachokula wenyeji kila siku. Akacheka, akaniambia niache mambo ya kikabila, tunajenga taifa. Mtu mzima na akili zake.

Tulianzia Kwihara, kwa mjane aliyelea wajukuu peke yake. Bila mbegu zetu hakuwa na cha kupanda. Balozi wa nyumba kumi alikuwa ameshampasha habari kwamba wageni wa mjini wanakuja, na nilipoona manyoya nyuma ya jiko, nilijua amechinja. Alitutandikia mkeka, akatunawisha, akaleta wali na kuku, firigisi akaiweka mbele ya mkuu kwa heshima. Wajukuu walikaa kando wakitazama. Mkuu alikula akamaliza, akamshukuru vizuri sana, kisha akamtoa kwenye mikopo.

Garini nilimsihi. Nilimwambia yule alikuwa tetea wake wa pekee, na mchele ameuazima kwa jirani. Nililia, wala sioni haya kusema.

"Maskini hawezi kukupa kuku," alinijibu, akaegemeza kichwa akasinzia.

Mvua zilipoanza mjane alikuja ofisini kwa miguu. Hakugomba. Aliuliza tu amekosa nini. Nilimweleza kile kipimo, naye akakisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ningewanyima?"

Msimu ule alilima vibarua katika mashamba ya wenzake, lake likaota magugu.

Habari haihitaji gari. Mwaka uliofuata kila nyumba tuliyofika ilidai haijapika. Maji ya kunywa tulipewa baada ya kuomba. Watoto walikuwa wamefundishwa kusema wana njaa, na wengine kweli walikuwa nayo, lakini nani angewatofautisha? Mkuu aliripoti kwamba umaskini umeongezeka, akasifiwa kwa kusema ukweli. Mimi nilikata tamaa. Niliona kwamba hatutajua tena lolote kuhusu watu hawa, na kwamba sisi wenyewe ndio tuliofunga mlango.

Mjane alituweka nje, juani. Moshi ulitoka jikoni kwake huku akisema leo hawajapika, macho ameyainamisha. Mkuu akamrudisha kwenye mikopo papo hapo. Wakati wa kuagana mjane alinishika mkono akanivuta pembeni.

"Siku utakayoacha kazi hii, mwanangu, njoo nikupikie."

Nilipoiacha, alikuwa ameshazikwa. Nilikwenda kuwapa pole wajukuu wake, sasa watu wazima na familia zao. Walinipokea kwa adabu, wakanipa kigoda uani, tukaongea habari za marehemu hadi alasiri. Ndani nilisikia mwiko ukigonga sufuria. Kisha mmoja wao akainuka, akaenda kufunga mlango wa jiko, akarudi akaniambia siku hiyo hawajapika.