Kuku wa Bosi na Maksai Wangu

Siku ya kwanza kazini nilipewa fimbo. Kalamu nisingejua kuishika. Shule niliiacha darasa la pili. Nilikuwa mswagaji, yaani mtu wa kutembeza ng'ombe kwa miguu toka mnada wa Shinyanga hadi machimboni Nyarugusu. Msimamizi wa Zizi alininyooshea kundi akasema, "Hawa wakipotea, na wewe potea." Mafunzo yakaishia hapo.

Miaka ya sabini nikapanda kuwa mkuu wa msafara, chini ya Bosi Mnunuzi. Mtu mwema, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kutabiri bei. Kila safari alimwita mfumu, mganga wetu Wasukuma, apasue kuku na kumsoma ndani. Kuku akisema bei itapanda, tunangoja. Isipopanda, analaumiwa kuku.

Mwaka mmoja nami nikachanganya kundini maksai wangu wawili, madume waliohasiwa, wa kuvuta plau. Mzee ambaye nilikuwa namposa binti yake alikuwa amewakataa katika mahari. "Maksai hazai, kijana. Lete mitamba kabla ya palizi, ama binti anakwenda kwa mwenye mitamba." Nikapanga niwauze machimboni kwa nyama, nipate mitamba njiani.

Tulikuta mvua imetutangulia. Maduara, ndiyo mashimo ya wachimbaji, yamejaa maji. Wachinjaji wanacheza bao. Mchimbaji akipata dhahabu hula nyama. Siku hiyo Nyarugusu nzima ilinuka dagaa.

"Bosi, hapa hakuna mlaji. Tuuze tunachoweza, leo hii."

"Kuku amesema mwezi ukiandama bei inapanda."

"Huyo kuku hakufika huku."

"Wewe wa darasa la pili unabishana na mfumu?"

"Na kuku kasoma la ngapi, Bosi?"

Akaagiza kuku mwingine. Huyo akasema tuuze. Akaagiza wa tatu aamue. Ikawa bei pekee iliyopanda Nyarugusu ni ya kuku.

Mimi nikatazama njia. Wachimbaji walikuwa wanaondoka, mikeka kichwani, wanarudi makwao kulima pamba. Anayekwenda kulima hataki nyama, anataka wa kuvuta plau. Nikaaga.

"Nenda," Bosi akasema. "Utarudi unalia."

Nikaswaga maksai wangu nyuma ya wale watu. Karibu na Ushirombo mzee mmoja akanisimamisha shambani kwake; maksai wake alikuwa amevunjika mguu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hao wanavuta?"

"Wanavuta hata ukisinzia."

Niliondoka na mitamba mitatu. Mahari yakapokelewa kabla jembe la palizi halijagusa shamba.

Bosi alingoja mwezi, ukaandama, ukazeeka. Alipita kwetu siku ya kuamkia harusi, anarudisha kundi limekonda.

"Ulijuaje?"

"Sikujua, Bosi. Niliona."

Akaligeukia kundi lake. "Nyama ya harusi umepata?"

"Bado."

Nikanunua kwake, kwa bei ya siku ile. Hakuipenda.

Sasa nimestaafu. Vijana huja kuniuliza bei za mwezi ujao, za ng'ombe, za mpunga, hata za dhahabu. Nawaambia hata ya leo siijui, maana sijaenda mnadani. Waende wao, watazame nani kaja na kamba na nani kaja kupiga soga. Wanadhani nawaficha. Mke wangu huwasikia, akacheka akiwa jikoni: "Angekuwa mtu wa kungoja mwezi ujao, mngemkuta hapa peke yake."